Kidole cha Kambi Namba 31

Kambini, 6 Januari

Mdogo wangu Rula,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Hapana, lawama kwanza. Huu mwezi wa pili hatujaona hata mstari mmoja kutoka kwako, na Mama Mdogo ameanza kuuliza kama huko uliko wanakata watu mikono. Najua simu haziingii huku tangu mafuriko yaangushe mnara, na ule mdogo waliousimamisha ni wa maofisa peke yao. Lakini kalamu hazikwenda na maji. Dereva wa lori la unga anapeleka barua zetu posta ya mjini kila Jumatatu na kurudi na zilizokuja, na hataki malipo yoyote ila kuchekewa vichekesho vyake.

Sisi wazima. Tuko hema lile lile, mstari wa sita, karibu na bomba. Nimepata kazi ya uandikishaji. Siku ya mgao nakaa kwenye meza mlangoni pa ghala, kaya zinapita mbele yangu, natazama kadi, nikiridhika mtu anaingia kuchukua unga, maharage na mafuta yake. Magunia yana bendera ya serikali ya huko huko uliko. Mama Mdogo akiiona husema, "Haya, mwanangu ametuma tena," na hakuna wa kumtoa kwenye imani hiyo.

Mwezi uliopita tuliletewa mashine za vidole. Mkuu wa kaya anabonyeza kidole gumba kwenye kioo, taa ikiwaka kijani anapewa, ikiwaka nyekundu hapewi. Tumeambiwa wananchi wa huko wanataka kujua chakula chao kinaingia mdomo wa nani. Sina ubishi, ni haki yao. Mashine ina shida zake hapa kwetu, lakini tumepata njia, nisikuchoshe.

Kitu kimoja nikuulize kwa kuwa ndiyo kazi yako. Tumeandikiwa blanketi elfu mbili. Mimi nimeona kwa macho yangu lori moja, tena limejaa nusu. Mkuu wa kambi ametia sahihi kwamba zote zimefika. Watoto wanalala na magunia matupu. Blanketi zinaulizwaje?

Mama Mdogo anakukumbusha kula.

Dada yako

---

Mjini, 2 Februari

Dada yangu mpenzi,

Nimekosa, nakubali, chapa fimbo unapotaka. Kazi imenikalia kooni. Chumba changu hakina dirisha, kiko kati ya mashine ya kunakili na choo, na wanaokwenda kote kuwili wanapita kwangu. Nina skrini mbili na kiti kinacholia nikigeuka. Wenzangu wananiheshimu, lakini ni ile heshima ya kumheshimu mgeni anayefanya kazi mpaka na za wengine. Mkataba wangu unaisha Juni. Wasiponipa wa kudumu, narudi nyumbani na koti zito ambalo hata halitanifaa huko.

Basi nikueleze tunachofanya, umwambie na Mama Mdogo asidhani nagawa unga. Serikali hii inatuma misaada nchi tisa. Magazeti ya hapa yanapiga kelele kila siku kwamba pesa za walipa kodi zinaliwa. Kwa hiyo bunge lina kamati, kamati inaiuliza ofisi yetu, na ofisi yetu inaniuliza mimi. Napokea takwimu za kambi mia na ushee. Hazina majina, zina namba tu, ili mkaguzi asipendelee mtu. Naziangalia mpaka macho yanatoa machozi, natafuta panaponuka.

Kuhusu blanketi, Dada, usinikasirikie. Nikiwa na sahihi ya kupokea, kwetu hapa zimepokelewa. Mfumo hauna mahali pa kuandika "dada yangu hakuziona". Najua inaudhi. Lakini tukianza kufuata maneno ya watu tutakesha.

Mwambie Mama Mdogo nakula. Mwambie pia bado napiga mistari kwa rula chini ya kila jumla, kama nilivyokuwa nikichora kwenye udongo wa matofali yake, akanifukuza na mwiko.

Rula wako

---

Kambini, 20 Februari

Rula,

Barua yako nimemsomea Mama Mdogo mara tatu. Kwenye ule mstari wa mwiko alicheka mpaka akashika mbavu. Anasema hakukufukuza kwa sababu ya kuchora. Alikufukuza kwa sababu ulikuwa unayahesabu matofali na kumwambia mteja ukweli.

Anasema pia uoe. Nimeandika, nimetimiza wajibu wangu.

Hayo ya mfumo nimeyasoma, halafu nikayasoma tena nikakasirika. Wewe si ndiye mtu wa kuuliza? Dereva wetu ameona kwa macho yake lori la pili la blanketi likikata kona kwenye njia panda ya mjini badala ya kuja huku. Yuko tayari kusema. Mkuu wa kambi amejenga ukuta mpya nyumbani kwake na kuuwekea geti la chuma, na mshahara wake naujua kwa sababu mimi ndiye ninayebandika orodha ukutani. Hapo hapahitaji kukesha. Panahitaji mtu mmoja mwenye kalamu aulize swali moja.

Nisikutie uchungu. Huku mvua imeanza tena, si kubwa. Fundi Chokaa, yule mzee aliyechoma chokaa nyuma ya tanuri letu, anakohoa na bado anajifanya kijana. Anakusalimu. Anasema ukirudi umletee kofia yoyote ya huko, hata ya kike.

Dada yako

---

Mjini, 15 Machi

Dada,

Keti kwanza. Nimepata!

Unakumbuka nilikwambia natafuta panaponuka? Kuna kambi moja, namba 31, kidole gumba kimoja kimepokea chakula kwa niaba ya kaya mia mbili na kumi na mbili. Kimoja, Dada! Mgao baada ya mgao, tangu mashine zifungwe. Mashine inaruhusu kila kaya isajili mpokeaji wa pili, endapo mkuu wa kaya ni mgonjwa, na mtu huyu amejisajili kwa kaya zote hizo bila hata haya. Nimerudia hesabu mara nne.

Ofisi nzima imechangamka. Huyo mtu wamempa jina, Malkia wa Kidole, kwa sababu kumbukumbu zinasema ni mwanamke. Wamemchora kwenye ubao wa mikutano na taji na tumbo kubwa. Mkubwa wangu, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akiniita kwa jina la mwenzangu, jana kaniita kwa langu. Tarehe 23 Aprili nitasimama mbele ya kamati ya bunge nieleze mwenyewe. Mimi, mtoto wa matofali! Nimenunua tai.

Kitakachofuata ni utaratibu: kaya hizo zitasimamishwa kwanza, uchunguzi baadaye. Nyingi bila shaka ni hewa. Mtu wa kawaida haachi mtu baki abonyeze kidole kwa ajili yake miezi yote hiyo.

Tafadhali usimtajie mtu. Hata hao wenye kambi hawajui, taratibu zinakataza kumshtua mtuhumiwa. Nakwambia wewe kwa sababu furaha imenizidi na hapa sina wa kumwambia.

Za blanketi niliuliza, kweli niliuliza. Hakuna faili.

Rula wako

---

Kambini, 8 Aprili

Mdogo wangu,

Kwenye mlango wa ghala letu kuna kibao cha bati. Kimeandikwa 31 kwa rangi nyeupe. Nakipita kila siku na sikuwahi kufikiria kukutajia.

Kidole ni changu.

Nimeanza barua hii mara nne na kila mara najikuta natukana, kwa hiyo nitaeleza kama unavyotaka kuelezwa. Watu wa mstari wa kwanza mpaka wa tisa ni watu wa kwetu, wa matanuri. Miaka thelathini wamekanda udongo, wamebeba matofali ya moto, wamekoroga chokaa kwa mikono. Vidole vyao havina mistari. Mashine inawapa nafasi tatu, kisha inawaka nyekundu. Siku ya kwanza kaya mia mbili na kumi na mbili zilirudi mahemani mikono mitupu, na Mama Mdogo alikuwa wa kumi kwenye foleni. Nilikwenda kwa Mkuu wa kambi, akaniambia kuna fomu ya watu wa namna hiyo, itatumwa kutoka makao makuu, tusubiri. Hiyo fomu naisubiri mpaka leo. Wiki ya pili nilijisajili mimi kuwa mpokeaji wao wa pili, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, foleni nzima ikitazama. Kila mtu alichukua chakula chake kwa mkono wake. Nina daftari. Kila jina, kila tarehe, na shahidi aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Sikukwambia kwa sababu najua unavyopenda utaratibu, nikaona aibu mbele yako. Hilo ndilo kosa langu, na linaniuma.

Unasema mtu wa kawaida haachi mtu baki ambonyezee. Rula, ulikuwa na miaka kumi na miwili tulipompeleka Mama Mdogo kuchukua kitambulisho. Karani alimrudisha mara tatu, akamwambia akanawe mikono. Ukapanda juu ya benchi ukasema, watu wote wakasikia: "Mama yangu hana vidole vibaya. Ana kazi." Karani akajaza fomu kwa mkono, bila alama ya kidole, akatukabidhi. Kazi hiyo ndiyo iliyokulipia shule. Umesahau vipi?

Sikuombi uniokoe. Nimekiuka sheria yao, waniadhibu. Nakuomba kitu kimoja tu: kadi zisifungwe. Ukisimama hapo tarehe 23, sema na sababu. Sema kuna watu mashine haiwaoni. Sentensi moja inatosha, ukaitie na mstari kwa rula yako chini. Ukiona huwezi kuisema, basi uutoe ukurasa huo wakatafute namba nyingine ya kupigia makofi. Hapa hakuna shamba wala soko. Kadi ikifungwa, mtu hana chakula siku ya saba.

Nimeiandikisha barua hii rejista ili isipotee. Dereva amekubali kwenda mjini leo leo japo si Jumatatu.

Mama Mdogo hajui lolote. Anajua una tai.

Dada yako

---

Mjini, 2 Mei

Dada yangu,

Barua yako imenifikia tarehe 30 Aprili, wiki nzima baada ya kikao. Ingefika mapema, wallahi, ningefanya kitu. Sasa maji yameshamwagika.

Naomba unielewe. Kikao kilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Mwenyekiti wa kamati alisema huu ndio uwajibikaji ambao wananchi wamekuwa wakiudai, na magazeti yakaandika. Kusimamishwa kwa kaya ni kwa muda tu, mpaka uchunguzi ukamilike. Watafanya uhakiki, watu halali watarudishwa. Mfumo una njia zake za kujirekebisha, tatizo ni kwamba hauna haraka.

Nimewaza kwenda kwa mkubwa wangu nimweleze. Lakini nikisema mtuhumiwa ni dada yangu, ripoti nzima itatupwa, mimi nitafukuzwa siku hiyo hiyo, na hao watu bado hawatapata kadi zao. Nitakuwa nimewasaidia nini? Nikiwa ndani naweza kusukuma mambo polepole. Wamenipa mkataba wa kudumu. Kuanzia wiki ijayo nina ofisi yenye dirisha. Kwa hiyo nitaweza kuwatumia kitu kila mwezi, wewe na Mama Mdogo hamtapungukiwa, mnara ukirudi tu.

Wachunguzi wakija, Dada, tafadhali usiseme sisi ni ndugu. Na ile barua yangu ya Machi ichome. Ya kwako mimi nimeshaichoma. Si kwa ubaya, ni kwa usalama wetu wote.

Mwambie Mama Mdogo nampenda.

Mdogo wako

---

Kambini, 17 Juni

Mdogo wangu,

Tarehe 9 Mei walikuja na gari mbili nyeupe. Walibandika orodha kwenye mlango wa ghala, chini ya kile kibao, majina mia mbili na kumi na mawili kwa herufi ndogo. Wengi hawajui kusoma, kwa hiyo walikuja mezani kwangu niwasomee. Nilikuwa nimeshaachishwa kazi dakika ishirini kabla, lakini nikawasomea. La Mama Mdogo lilikuwa la kumi, kama siku ile ya foleni.

Walinipeleka mjini kunihoji siku nne. Niliwaonyesha daftari. Kijana mmoja mpole alilifungua, akasema ni ushahidi mzuri ila hauingii kwenye mfumo kwa sababu umeandikwa kwa mkono. Akanirudishia. Nikiwa njiani kurudi nilipita dukani kutafuta sabuni, nikazikuta blanketi zetu zimepangwa kwenye rafu, nyingi kweli, pembe iliyokuwa na bendera imekatwa kwa wembe. Mwenye geti la chuma aliyeziuza ana kidole kizuri. Mashine inampenda, kila akibonyeza inawaka kijani.

Wiki ya kwanza mistari mingine ilitusaidia. Kila kaya ilipunguza kikombe kimoja cha unga, tukakusanya kwenye beseni, tukagawana. Wiki ya tatu Mkuu wa kambi akapiga marufuku, akasema ni kuhamisha chakula cha msaada kwa watu wasioandikishwa, na huko kwenu wataona vibaya. Kaya arobaini na moja zimeondoka kwa miguu kurudi kwenye matope, ambako hakuna nyumba wala tanuri. Fundi Chokaa alibaki kwa sababu hakuweza kutembea. Alifariki wiki ya tano. Daktari kaandika kifua, na mimi sikubishana naye, maana kifua nacho alikuwa nacho. Tulimzika na kofia aliyotupa dereva, tukamwambia imetoka kwako.

Huo uhakiki unaousema haujaja. Nimeuliza. Kuna fomu, tunaisubiri.

Sasa nije kwako. Barua ya rejista, mdogo wangu, ina kadi. Nililipia kadi ya kurudi ili nijue imefika, na karani wa posta akaibandika nyuma ya bahasha. Anayepokea anatia sahihi na tarehe, kadi inarudi kwa aliyetuma. Wewe unakagua sahihi za dunia nzima, na hii hukuiona. Imenifikia tarehe 28 Mei. Sahihi ni yako, ninaijua, umeipigia mstari kwa rula chini. Tarehe ni 19 Aprili.

Siku nne kabla ya kikao.

Nilikaa nayo kitandani nikaitazama. Nilitafuta namna ya kukutetea. Nikasema labda uliipokea hukuifungua. Halafu nikakumbuka umeandika kwamba umeichoma, na mtu hachomi asichokisoma. Ungeniambia uliogopa, ningelia, ningekutukana, halafu ningekusamehe, kwa sababu mimi ndiye niliyekubeba mgongoni na hofu zako nazijua moja moja. Lakini umeniletea tarehe ya uongo, wewe, uliyekuwa ukimwambia mteja idadi kamili ya matofali.

Sijachoma barua yako na sitaichoma. Iko pamoja na kadi ndani ya kopo, na kopo liko kwa mtu. Ninamtafuta mtu wa gazeti, wa huko au wa huku, yeyote atakayesoma mwandiko wa mkono. Nitakapompata nitamwambia wewe ni mdogo wangu. Sitakuficha, na sitajificha. Nakwambia mapema, jambo ambalo taratibu zenu zinakataza.

Pesa usitume. Mnara umerudi wiki iliyopita, na bado nasema usitume.

Pamoja na barua hii kuna nakala ya daftari. Nimenakili majina yote mwenyewe. Waliokufa na walioondoka nimewaandikia pembeni. Imekuja rejista, nimelipia na kadi. Watakutaka utie sahihi.

Mama Mdogo hajui. Amekonda, nguo zinamcheza mwilini, na kila jioni ananiuliza kama una habari ya kadi zetu, maana anaamini umo ndani unatupigania. Nimemwambia una dirisha. Aliposikia nakuandikia alitaka na yeye akusalimu. Nikamwambia aseme niandike, akakataa, akasema siku hizi naandika maneno makali. Alichukua wino wa muhuri uliobaki mezani kwangu, akabonyeza kidole mwenyewe hapo chini. Utaona ni doa tu, halina mstari hata mmoja. Nikataka kuandika jina lake pembeni, akanizuia mkono. Akasema hapana haja, mwanawe akiona tu atamjua.

Dada yako